Uso wa Maman kwenye Mfuko wa Simenti

Jana nilizima moto wa kuni kwa maji, na harufu iliyopanda ilinisimamisha pale pale, sufuria ikiwa mkononi. Mnaijua harufu hiyo, ninyi mliokulia kwenye nyumba za kupikia kuni. Makaa yakimwagiwa maji ghafla hutoa pumzi moja ya mvuke, chungu kidogo, kama chuma na udongo na nywele zilizoungua, kisha yananyamaza. Kwa wengi ni harufu ya chakula kilichokwisha kuiva. Kwangu ni harufu ya uso wa mama yangu. Najua inasikika vibaya. Nitaeleza polepole.

Nilikuwa na miaka kumi. Maman alikuwa amefariki kwa ugonjwa wa siku chache, na miezi miwili baada ya mazishi nyumba yetu ya mbao huko Bukavu iliungua pamoja na nyumba za majirani, kama zinavyoungua nyumba zilizobanana. Hakuna aliyeumia. Lakini picha zote ziliteketea: ya harusi, ya ubatizo wangu, ile ya Maman akiwa mwanafunzi amesimama karibu na gari lisilo lake. Simu ya Papa ilikuwa ya vibonyezo, haikutunza sura ya mtu. Tukahamia Mumosho kwa Koko, mama yake Papa, katika nyumba ya matofali ya udongo yenye mlango mmoja mpana na dirisha dogo kuliko sinia. Papa alikuwa fundi mwashi. Aliondoka mapema kwenda kwenye ujenzi mjini na kurudi jioni akiwa na simenti kwenye nyusi.

Sura moja tu ya Maman ndiyo ilibaki, kwa sababu siku ya moto Papa alikuwa nayo mfukoni. Ilikuwa kwenye kadi ya kura ya Maman, ile ambayo kwetu watu wazima huitumia kama kitambulisho. Picha yenyewe haikuzidi ukucha wa kidole gumba. Papa aliihifadhi kwenye mfuko wa ndani wa koti lake la Jumapili, na koti lilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba, likiwa limejaa mabega kidogo, kama mtu aliyegeukia ukuta.

Mchana mmoja wa majira ya mvua, Koko alikuwa shambani na ukungu ulikuwa unapanda kutoka mto Ruzizi. Ukungu wa kule hauji kwa haraka. Kwanza unachukua migomba ya mwisho, halafu ya katikati, halafu unaketi uani. Mdogo wangu Aline, aliyekuwa na miaka minne, alikuwa anacheza na vifuniko vya chupa kwenye kizingiti. Akaniuliza bila kuinua kichwa:

"Nsimire, Maman alikuwaka namna gani?"

Nikafungua kinywa kumjibu. Nilikuwa na sauti yake. Nilikuwa na mikono yake, na kovu la kisu kwenye kidole cha shahada. Nilikuwa na kitenge chake chenye ndege wa kijani. Lakini juu ya kitenge, pale uso ulipotakiwa kuwa, palikuwa na kitu kama ule ukungu wa uani. Niliusogelea kwa mawazo na wenyewe ukarudi nyuma.

"Alikuwa muzuri," nikasema.

"Muzuri namna gani?"

Niliingia chumbani, nikatia mkono kwenye koti la Papa, nikatoa kadi.

Alikuwepo. Nilishusha pumzi. Lakini alikuwa mweupe kuliko nilivyomkumbuka, kama mtu aliyepakwa unga. Niliirudisha kadi. Kesho yake nikaitazama tena, na juma lililofuata tena, na mara ile ya tatu nyusi zake hazikuwepo. Sisemi zilikuwa hafifu. Hazikuwepo, na bila nyusi alinitazama kama mtu aliyeshtuliwa na jambo lililo nyuma yangu. Niligeuka. Palikuwa na ukuta tu.

Mtoto akiona jambo la ajabu hatafuti sababu mbali. Nilijua kwamba sabuni hupungua kwa kuguswa na chumvi hupungua kwa kuonjwa. Maman alipungua kila nilipomtazama. Basi ni macho yangu yaliyokuwa yanamchukua, kidogo kidogo, na siku moja nitaitoa ile kadi na kumkuta nimemmaliza. Sikumwambia mtu. Ni vigumu kumwambia baba yako kwamba unamla mama yako kwa macho.

Nikaamua jambo moja, na kwa miaka kumi niliyokuwa nayo naona lilikuwa uamuzi wa busara. Ningemchora kabla hajaisha. Ila nisingemtazama tena mpaka niwe najua kuchora, ili kila nitakapomtazama pasipotee kitu bure.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza, bila mwalimu, na ninyi ambao mmewahi kuniambia kwamba hamna mkono wa kuchora, nawaomba mfuate jinsi nilivyoanza vibaya. Nilianza na Aline. Nilichukua kipande cha kuni kinachowaka kutoka kwenye mafiga ya Koko, nikakizima kwa maji kiwe mkaa, na nikachora duara refu, ndani yake macho mawili kama samaki, pua kama namba saba, mdomo kama mtumbwi. Nikamwonyesha mwenyewe.

"Uyu ni nani?"

"Ni weye," nikamjibu.

Alikichunguza sana kile kichwa. "Iko kama kiazi," akasema. "Kiazi yenye hasira."

Alisema kweli. Kosa langu ni kosa la karibu kila mtu: nilichora mstari. Uso hauna mstari. Tazama mtu yeyote aliye karibu nawe sasa hivi na utafute ule uzi mweusi unaozunguka pua yake. Haupo. Kilichopo ni mahali penye mwanga na mahali mwanga usipofika, na kati yake kuna njia. Hilo sikulijua. Nililipata kwenye moshi.

Koko alikuwa anapika sombe, majani ya muhogo, siku ya mvua, kuni zilikuwa mbichi, na jikoni palikuwa na moshi wa kukata kwa panga. Nilifinya macho mpaka kope zikakaribia kugusana, nikamwangalia ng'ambo ya moto. Na Koko akavunjika. Sina neno jingine. Mikunjo yake yote ilipotea, shanga zake zikapotea, na zikabaki sehemu chache tu: bonde jeusi la jicho hili, bonde la jicho lile, tundu mbili za pua, weusi chini ya mdomo, na shavu moja linalowaka. Ulikuwa uso wa mtu aliyekuwa ardhini siku nyingi. Na ulikuwa Koko kabisa. Hata kama ungenionyesha zile sehemu tano peke yake, kwenye ukuta wa mji nisioujua, ningesema: huyo ni Koko.

"Unaniangalia nini ivo?" akauliza. "Iko kitu mu sura yangu?"

"Iko giza, Koko."

"Giza gani?"

"Chini ya macho. Na chini ya pua."

Alicheka mpaka akakohoa. "Iyo ni uzee, mutoto wangu. Usiogope, haiambukizake."

Tangu siku hiyo sikuweza kuacha. Ukishajua kufinya macho, watu wote wanakuwa na mabonde. Misani Jumapili niliangalia upande wa wanaume na nikaona benchi baada ya benchi la matundu meusi yakiimba. Niliogopa, nikafumbua macho, wakarudi kuwa majirani. Nikafinya tena. Hofu ile ilinifundisha zaidi ya kitu kingine chochote, kwa hiyo sitawaambia kwamba kuchora ni kazi ya furaha tupu.

Kisha nililichukua yai. Kama una yai nyumbani, lichukue nawe. Nyumba ya Koko ilikuwa na mlango mmoja wa nje, na kile kidirisha hakikuleta kitu, maana yake ilikuwa na mwanga mmoja, na hiyo ni bahati kubwa kwa anayejifunza, ingawa sisi tuliiona kama umaskini. Niliweka yai la kuku wa Koko sakafuni, hatua tatu kutoka mlangoni. Upande ulioelekea nje ulikuwa mweupe. Upande wa ndani ulikuwa mweusi. Mtu angedhani imeisha hapo. Lakini ukikaa na yai muda wa kutosha linaanza kukuonyesha mambo. Pale ambapo mwanga unaishia hapana ukuta, pana mteremko. Na sehemu nyeusi kuliko zote haiko ukingoni mwa yai, iko ndani kidogo, kwa sababu ukingoni sakafu inarudisha mwanga kidogo, kama mtu anayenong'ona jibu darasani. Na chini ya yai, kwenye udongo, pana giza la tatu, ambalo ni la sakafu lakini yai ndilo limelifanya. Nililichora yai lile siku nyingi. Koko aliuliza kwa nini halipikwi. Nilimwambia bado.

Karatasi sikuwa nayo, na hapo kazi ya Papa ilinisaidia. Mfuko wa simenti una matabaka, na tabaka la katikati halijaguswa na simenti wala na mvua. Ni karatasi ya rangi ya udongo mkavu, ngumu, yenye meno kidogo ya kushika mkaa. Papa aliniletea mifuko mitupu bila kuuliza sana. Mwanzoni niliuonea aibu ule udhurungi. Baadaye nikaelewa kwamba karatasi yenyewe imenifanyia nusu ya kazi. Yenyewe ilikuwa tayari ile rangi ya katikati, ngozi isiyo mwangani wala gizani. Mimi nilibaki kuongeza mkaa pale palipozama na chaki ya shule pale palipoinuka, na kuacha kwingine kote kama kulivyo. Kuacha ndiko kulinichukua muda.

Nilimaliza yai nikaenda kwenye chungu, kwenye avokado, kwenye kiatu cha Papa, halafu nikamrudia Aline. Nilimkalisha kwenye kizingiti, shavu moja nje na moja ndani.

"Usitikisike."

"Nikipumua, unaharibika?"

"Pumua kidogo kidogo."

Alijaribu kweli, maskini, mpaka macho yakamtoka. Na yule Aline wa nne au wa tano hakuwa kiazi tena. Alikuwa mtoto aliyeketi mlangoni, nusu yake ikiwa imeingia gizani. Mwenyewe alipouona mchoro alikataa kuugusa. "Ule anapumua," akasema, akaenda kukaa kwa Koko.

Ndipo nikajiruhusu kurudi kwenye koti.

Niliitoa kadi mchana, peke yangu, nikiwa na mkaa tayari mkononi. Macho yalikuwa yameondoka. Pale palipokuwa na macho palikuwa na weupe laini kama sehemu nyingine zote, na paji la uso na mashavu vilikuwa vimeungana kuwa kitu kimoja. Kilichobaki ni kile tu kilichokuwa kizito tangu mwanzo: nywele, tundu za pua, weusi chini ya mdomo, na upande mmoja wa shingo. Hata hivyo niliifanya kazi. Nilipima kwa kijiti cha kibiriti umbali wa pua hadi mdomo, na mdomo hadi shingo, nikaandika alama kwenye karatasi. Mara iliyofuata tundu za pua zilikuwa hazipo. Mara ya mwisho, ambayo ilikuwa ya saba tangu mwanzo kwa hesabu yangu, nilikuta jina lake, nusu ya namba, na yai jeupe. Nililiinamisha kushoto na kulia kuelekea mlangoni. Mwanga uliteleza juu yake, hakuna kilichoshikika.

Nilifunga kifungo cha mfuko, ingawa hakikuwa kimefungwa nilipofika.

Mwaka wa Maman ulikuwa unakaribia kutimia. Kwetu siku hiyo inasomwa misa, kisha ndugu wanakusanyika nyumbani, na kwenye meza yenye kitambaa cheupe, kati ya mishumaa miwili, inawekwa picha kubwa ya marehemu. Upande wa mama ungekuja kutoka Nyangezi, ukiongozwa na dada yake mkubwa, na hao wangeingia, wangesimama mbele ya meza kabla ya kusalimia mtu, na wangetaka kumwona ndugu yao. Kuwaonyesha meza tupu ni kama kuwaambia kwamba tumemtupa. Papa alilijua hilo. Aliipeleka kadi Nyawera, mjini Bukavu, kwa mpiga picha, ili ikuzwe.

Alirudi jioni, kabla ya chakula. Hakuvua viatu. Aliketi kwenye kigoda, akamwambia Koko:

"Fotografe ameishika, ameiweka chini ya taa, akageuza, akageuza tena. Kisha akaniambia: Papa, mu hii karte hamuna mutu."

"Namna gani hamuna mutu?"

"Hamuna, Mama. Angalia."

Koko aliisogeza kadi karibu na moto, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Kisha akairudisha kwa mikono miwili, kama mtu anavyorudisha mtoto aliyelala.

"Batu ba Nyangezi tutabaambia nini?" akauliza.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango, karibu na koti. Ningeweza kunyamaza. Nilifikiri juu ya kunyamaza kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

"Papa, ni mimi," nikasema. "Nimemumaliza."

"Umemaliza nini?"

"Maman. Nimemuangalia mara saba. Kila mara alikuwa anapunguka."

Nilingojea kofi au kicheko. Sijui ni kipi kingeniumiza zaidi. Papa aliniita kwa kidole, nikaenda. Alitoa pochi yake mfukoni, akatoa kadi yake mwenyewe, akaiweka kwenye kiganja changu.

"Niangalie mimi mu iyo karte."

Niliangalia. Pale palipotakiwa kuwa na baba yangu palikuwa na yai jeupe.

"Unaniona?"

"Hapana."

"Na niko wapi?"

Nilimtazama. Alikuwa na simenti kwenye nyusi. "Uko hapa."

"Bon. Niko hapa. Ni jasho na joto, ma fille. Ile wino inalala tu juu, haiingie ndani. Batu bote ni vile, uliza kila mutu mu njia." Akaiweka na kadi ya Maman kwenye kiganja changu. "Na mimi nilizani ni kidole yangu. Kila siku ya Mungu, mu misa, nilikuwa natia mukono mu koti, namupangusa na kidole. Sikumuangaliaka. Niliogopa kumuangalia. Nilikuwa namushika tu."

Koko aligeuza kuni, cheche zikaruka. Nilikuwa nimeshika kadi mbili, ya aliyekufa na ya aliye hai, na kama usingesoma majina usingejua ipi ni ya nani.

"Ulikuwa unamuangalia ya nini?" Papa akauliza mwishowe.

Nilileta mifuko ya simenti. Aliifungua mmoja mmoja karibu na moto: yai, chungu, kiatu chake, Aline, Aline, Koko nyuma ya moshi, na ile karatasi yenye alama za kijiti cha kibiriti tu. Kwenye kiatu alikaa sana.

"Misa iko nyuma ya siku ine," akasema. "Utaweza?"

Nikasema nitaweza. Sikujua kama nitaweza.

Nilifanya kazi siku zote nne. Nilianza na zile alama: chini ya pua, chini ya mdomo, shingo. Mabonde ya macho niliyaweka pale yalipotakiwa kuwa kwa kupima, kwa sababu kwenye kadi hayakuwepo tena na kwenye kichwa changu pia. Niliweka chaki kwenye paji la uso. Niliupa uso mlango, yaani mwanga mmoja, upande wa kushoto, kama nilivyozoea. Na nilipomaliza nilikuwa nimemchora mwanamke. Alikuwa na uzito, alikuwa na mifupa, mwanga ulimwangukia vizuri. Lakini alikuwa mgeni. Alinitazama kwa upole kama mtu anayesubiri umwambie ameingia nyumba isiyo yake.

Papa alisema, "Ni muzuri," kwa sauti ile unayosifia nayo chakula usichoweza kukimaliza. Koko alizunguka pande zote mbili, akatafuta neno la kweli lisiloumiza, akalipata: "Inafanana na mutu."

Ila hatukuwa na mwingine. Tuliuweka mezani, juu ya kitambaa cheupe, umeegemea ukuta, bila kioo. Kioo hakikuwepo, na kwamba mkaa unahitaji kushikizwa ili usitoke, hilo nililijifunza miaka mingi baadaye.

Baada ya misa walifika kutoka Nyangezi, wote kwa pamoja. Maman mukubwa, dada yake Maman, alitangulia. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye hatua fupi, amejifunga kitenge kipya cha siku hiyo. Hakusalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja mezani, akasimama, akaangalia.

"Uyu ni nani?" akauliza.

Nilisikia nta ya mshumaa ikidondoka.

"Ni mudogo yako," Papa akasema. "Picha zimeunguaka, unajua. Ni mutoto ndiye amemufanya."

Maman mukubwa aliinama. Alifinya macho, kwa sababu ya uzee, wala si kwa sababu ya ujuzi. Kila weusi niliokuwa nimeuweka kwa siku nne, chini ya shavu, kando ya pua, kwenye taya, yeye aliuona kama masizi na vumbi la barabara, kama linavyokaa kwenye kioo cha picha ya marehemu katika kila nyumba ya kwetu. Na kwenye msiba picha yenye vumbi haiachwi. Aliye wa karibu zaidi ndiye anayeipangusa.

"Mbona mumemuachia uchafu ivi?" akasema, bila hasira. Akashika ncha ya kitenge, akaupangusa ule uso kuanzia jichoni, shavuni, mpaka tayani. Mara mbili, kwa nguvu, kama anavyopanguswa mtoto kabla ya kuingia kanisani.

Niliona mkaa ukiburutwa. Niliona jicho moja likilegea na kuzama. Niliona ule ukuta niliokuwa nimeujenga kati ya shavu la mwanga na shavu la giza, ule niliouongeza kila siku nikidhani weusi zaidi ndio ukweli zaidi, ukibomolewa na kitambaa na kuwa mteremko. Yai lilinifundisha hilo tangu mwanzo, na kwa hofu ya kumpoteza nilikuwa nimelisahau.

Maman mukubwa akaacha kupangusa.

Sijui nieleze vipi kilichotokea hapo, kwa hiyo nitaeleza nilichokiona tu. Yule mgeni aliondoka kwenye karatasi, na aliyekuwa nyuma yake akasogea mbele. Shavu likawa na nyama. Jicho lililofutika nusu likawa jicho la mtu aliyechoka kidogo, anayetaka kusema jambo lakini anangoja wageni waondoke. Nililijua. Nilikuwa nimeishi miaka tisa mbele ya jicho lile.

"Nabintu," Maman mukubwa akaliita jina la mdogo wake, taratibu sana, kama kwamba wako wawili chumbani. "Ulikuwa wapi siku hizi zote?"

Ncha ya kitenge chake ilikuwa nyeusi na hakuitazama. Mpaka anaondoka hakujua kwamba ni yeye aliyemrudisha. Nyuma yangu nilisikia Papa akipumua kwa kinywa. Aline alishika sketi yangu.

"Ni yeye?" akaninong'oneza.

"Ni yeye."

Alitoa kichwa upande mmoja, akamwangalia, akarudi nyuma yangu. Halafu akatoa tena.

Walipoenda uani kula, nilibaki. Lile jicho la pili lilinisumbua, lilikuwa limefifia mno, na nilijua hasa mahali pa kuweka mguso mmoja tu wa mkaa. Nilikuwa nimeshaunyanyua mkono Papa alipoingia. Hakupaza sauti. Alinishika kifundo cha mkono.

"Wacha ivo."

"Jicho, Papa. Nataka kulitengeneza."

"Nimeliona. Wacha."

Nikaacha. Tulisimama pale wawili, tukamwangalia tulivyotaka, kwa muda tuliotaka, na hakupungua. Au alipungua, lakini si kwa macho. Nyimbo za uani zilikuwa zinatikisa meza kidogo, na kila kishindo cha ngoma mkaa usioshikizwa uliachia karatasi na kushuka, punje kwa punje, juu ya kitambaa cheupe. Jioni wageni walipoaga palikuwa na mstari mwembamba mweusi mbele ya picha, mrefu kama kiganja.

Koko alikuja kutandua meza. Alitoa mishumaa, akatoa maua, akainua picha kwa ncha za vidole na kunipa. Kisha akautazama ule mstari. Kitambaa kilikuwa cha kuazima, kilitakiwa kurudi kikiwa safi, na mlango ulikuwa wazi, na uani upepo ulikuwa unapuliza kuelekea mtoni. Nilingoja akikung'ute. Alikikunja kuelekea ndani, upande huu, upande ule, polepole, akikandamiza kila kunjo kwa kiganja, akakipeleka chumbani kwake.